Buibui wa Darasa la Tano

Kutoka Sirisia hadi Kitale si mbali kwa mtu mwenye gari. Sisi tulitumia kutwa nzima. Tulianza juu ya trela ya trekta iliyokuwa inarudi tupu baada ya kupeleka miwa, mama akinishika ukosi wa shati kila tulipoingia shimo. Bungoma tulikaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, tukimngoja mtu wa kanisa letu aliyekuwa ameahidi kutubeba, na alipokuja alitupandisha juu ya magunia ya vitunguu mpaka Webuye. Webuye tukakaa tena. Upepo wa pale ulikuwa na harufu ya kiwanda cha karatasi, kama kabeji iliyochemshwa ikasahaulika jikoni, na nilimuuliza mama kama Kitale nako kunanuka hivyo. Akasema Kitale kunanuka mahindi. Alasiri tulipata lori la mbao. Mvua ilitukuta Kiminini, na mama akanifunika kwa leso yake huku akirudia maneno aliyokuwa akiyasema tangu asubuhi.

"Unaenda kukaa na dada yako Nekesa. Ukae naye vizuri. Akikutuma, tumika."

"Na shule?"

"Shule pia iko."

Mimi nilisikia shule peke yake. Baba alikuwa amefariki, nyumbani tulikuwa wengi, na kwa akili yangu nilichaguliwa mimi kwa kuwa nilikuwa najua kusoma. Sikujua kwamba nilichaguliwa kwa kuwa nilikuwa mtoto asiyesumbua.

Nimekaa miji mingi tangu siku hiyo, na huu ninaoishi sasa sidhani kama nitaukalia sana. Mwenye nyumba wangu amepanda dania kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, karibu na mlango wangu. Juzi aliumwagilia maji wakati ninatoka, nikainama kufunga kamba za viatu, na harufu ya udongo uliolowa ndani ya bati ikanipanda puani. Nilikaa pale chini mpaka akaniuliza kama ninaumwa. Nilimwambia ni mgongo. Ningemwambia nini kingine? Kwamba nilikuwa nimeona kitanda cha Nekesa pale Matisi, mtaa wao wa Kitale, dirisha lake, na ile rafu ya ubao iliyopangwa mikebe ya buibui?

Nekesa alikuwa binti wa mjomba wangu, ndugu ya mama, ambaye sisi tulimwita khocha kama ilivyo kwetu. Khocha alikuwa fundi wa kinu cha kusaga posho, kwa hiyo alirudi nyumbani kila siku mweupe kama mzuka na akiongea kwa kelele, maana mashine ilikuwa imemharibu masikio. Mke wake nilimwita anti. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili vya kupanga, na chumba kimoja kilikuwa cha Nekesa, peke yake, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa mtoto yeyote. Nilidhani wanampenda kupita kiasi. Ndivyo ilivyokuwa pia, lakini haikuwa sababu. Alizaliwa na ugonjwa wa damu ambao ulikuwa unamkamata kwenye viungo, na pale nyumbani haukuitwa kwa jina lake. Walisema, "Mifupa ya Nekesa imeamka," au, siku nzuri, "Mifupa imelala."

Siku ile ya kwanza alinitazama kutoka kitandani nikiwa bado ninatiririka maji.

"Wewe ndio wa kukaa na mimi?"

"Mimi nimekuja kusoma."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Ati kusoma! Haya, mwanafunzi. Unaogopa wadudu?"

"Siogopi."

"Basi shika hii. Usiitingishe."

Mkebe ulikuwa na matundu kwenye kifuniko, yaliyotobolewa kwa msumari. Nilichungulia ndani. Kulikuwa na udongo, kipande cha gome, na juu ya gome mguu mmoja wenye manyoya, mnene kama kidole changu. Kisha mguu wa pili ukajitokeza. Sikuuangusha mkebe, na nadhani hiyo ndiyo sababu nilipata kazi.

Hawa hawakuwa buibui wa kwenye kona za nyumba. Walikuwa wale wakubwa wanaoishi kwenye mashimo yaliyotandikwa hariri mlangoni, ambao watu wa Matisi waliwaona wakati wa kulima tu na kuwaua kwa jembe bila kuuliza. Nekesa alianza kuwafuga baada ya khocha kumletea mmoja kwenye kofia, kama mzaha. Alipoona kwamba anakula mende na hapigi kelele, akaomba mwingine. Mtu anayelala kutwa nzima anaona mengi. Alijua yupi anapenda udongo mkavu na yupi anapenda unyevu, yupi wa kulishwa panzi na yupi anayeogopa panzi akiwa mkubwa. Alijua jike ndiye anayeishi miaka mingi, na dume akishakomaa hana siku nyingi.

Na aliwapanga kwa madarasa. Buibui wa darasa la kwanza walikuwa wale wa kahawia wa kwenye ua wa michongoma. Hao ni wapole, wavivu, hata mtoto mchanga angewashika. Wa darasa la pili walikuwa wapole vilevile ila wanachagua chakula. Wa la tatu walikuwa wanakimbia. Wa la nne walikuwa wanachimba na kuziba mlango, wakakaa humo mpaka unadhani mkebe hauna mtu. Darasa la nane alikuwa mmoja tu, yule mweusi wa msitu wa Elgon ambaye hatukuwahi kumwona. Mtu wa kuuza mkaa ndiye aliyetuambia habari zake, na pengine alikuwa anatudanganya.

Rafu ilifika darasa la nne ikakwama. Nekesa mwenyewe aliachia shule darasa la nne. Alikuwa amelirudia, akalirudia tena, kila mara mifupa ikiamka kabla ya mitihani, mpaka mwalimu mkuu akamwambia khocha ampumzishe. Mimi nilikuwa nikienda shule asubuhi, nikirudi namsomea niliyofundishwa, na alinisahihisha mpaka tulipofika mahali ambapo na yeye alikuwa hajui. Hapo alikuwa anasema, "Weka kitabu. Nenda ulete panzi."

Kwa hiyo alipoanza kusema kwamba sasa anataka wa darasa la tano, nilielewa kwa njia yangu. Nilidhani akimpata huyo, akamtunza, akamzoea, yeye pia atakuwa amepanda. Nilidhani kuna mtu mahali fulani anayeangalia mambo kama hayo.

Tatizo lilikuwa anti. Hakuwachukia buibui, aliogopa midomo ya watu. Wamama wa kanisa walikuwa wanakuja Jumatano kumwombea Nekesa, na kabla hawajafika mimi nilikuwa naisukuma mikebe chini ya kitanda. Jumatano moja nilichelewa. Mama Rebeka, ambaye alikuwa kama askari wao, alishika mkebe akidhani ni wa sukari.

"Mama Nekesa! Hii ni nini?"

"Ni mikebe tu."

"Mkebe inatembea ndani?" Alifungua, akafunga, akakaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. "Yesu wangu. Dada, si mnaomba Mungu na mkono huu, na huu mwingine mnafuga shetani! Na mtoto atapona namna gani?"

Nekesa akasema kutoka kwenye mto, kwa heshima kabisa, "Huyo hali watu, Mama Rebeka. Anakula mende. Kwako hakuna mende, nikuazime buibui mmoja?"

Wale wamama wengine walicheka wakashindwa kujizuia, maana wote walikuwa wamewahi kunywa chai kwa Mama Rebeka. Anti hakucheka. Walipoondoka alichukua karai, akasema anawamwaga wote chooni leo hii. Nekesa hakulia wala kubishana. Aligeukia ukuta tu. Kwa mtu mwenye viungo kama vyake kugeuka ilikuwa kazi, tukamsikia akihema akiimaliza. Anti alisimama na karai lake. Kisha akaenda jikoni, akarudi na chai.

"Haya basi. Wabaki."

"Na mmoja wa darasa la tano," Nekesa akauambia ukuta.

"Wa mwisho, Nekesa. Mmoja wa mwisho, halafu tunafunga hiyo shule yenu. Mkebe ukiongezeka mwingine hapa, mimi na wewe tutajuana."

Hivyo ndivyo tulivyojikuta na nafasi moja tu, na nafasi moja inamfanya mtu awe mwangalifu. Majuma yale nilizunguka kila mahali, kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa nyuma ya Matisi, kwenye visiki vya mikaratusi, kando ya mto, nikirudi kutoa ripoti. Walikuwa watatu tuliowafikiria. Wa kwanza aliishi chini ya kisiki na alitandaza hariri nyeupe pande zote kama chandarua. Wa pili alikuwa na miguu ya nyuma minene ajabu, kana kwamba amevaa soksi za sufu. Wa tatu alikuwa mwekundu wa rangi ya udongo wa barabara, alikaa katikati ya shamba la mahindi, na nilimwogopa.

Nekesa aliniuliza maswali kama daktari. "Ukimgusa na nyasi, yule wa kisiki anafanya nini?"

"Anakimbilia ndani."

"Na wa soksi?"

"Haonekani. Nimengoja mpaka nikachoka."

"Na huyu mwekundu?"

"Anainua miguu ya mbele, anaonyesha meno. Nikimgusa tena anaipiga nyasi. Halafu haondoki, dada. Anabaki pale pale mlangoni."

Mimi nilimtaka wa soksi. Nilimpigia debe sana. Nilisema ni mzuri, hana fujo, anti hatamwogopa. Nekesa alisikiliza, akafumba macho, nikadhani amelala.

"Hawa nilio nao wote wanakubali tu," akasema. "Ukiwasukuma wanasogea, ukiwafungia wanakaa. Leta yule anayekataa."

"Atatuuma."

"Si ndio maana ni wa darasa la tano?"

Nilimpata asubuhi ya Jumamosi, baada ya kuchimba pembeni ya shimo kama alivyonielekeza, ili nisimwangushie udongo. Nilimzuia njia ya chini kwa panga, na alipotoka nikamfunika na mkebe. Aliupiga ule mkebe kwa ndani. Nilisikia mlio wake, tik, tik, kama mvua ya kwanza kwenye bati. Nilikimbia nao nyumbani nikiwa nimeunyoosha mbele yangu, na Nekesa alipofungua kifuniko yule buibui alisimama juu ya miguu yake ya nyuma, akapanua ile ya mbele, akamwonyesha meno meusi yenye nywele nyekundu pembeni. Sijawahi kumwona mtu akifurahi vile kwa kutishwa.

"Mwone! Mwone bana! Ati mimi? Unaniambia mimi?"

Hakumpa jina. Wote hawakuwa na majina. Lakini huyu hakuwekwa kwenye rafu. Aliwekwa dirishani, karibu na kichwa chake, na tulimpa maji kwenye kifuniko cha chupa, tukikisukuma kwa kijiti kirefu kwa sababu alikipiga kila mara. Alikula vizuri. Kisha siku moja akaacha. Panzi alitembea juu yake, naye hata hakusogea. Rangi yake ikafifia, ikawa kama ya nguo iliyofuliwa mara nyingi, na baadaye, nilipotoka shule, nikamkuta amelala chali, miguu juu.

Nililia kwa sauti. "Amekufa! Dada, amekufa!"

"Nyamaza. Mtoe panzi haraka, asimguse. Hajafa. Anajivua ngozi."

Sikuamini. Nekesa alinikalisha kitandani kwake na tukatazama mchana ule wote. Alinieleza polepole, maana mifupa ilikuwa macho kidogo. Wakikaribia kujivua hawataki chakula. Wanafifia. Wanalala chali, na mtu asiyejua huwatupa. Usimguse, usimgeuze, usimpulizie, kwa sababu wakati huo ndani ni laini kama uji, na ukimwinua miguu inapinda na haitanyooka tena. Kisha ngozi ikapasuka, na kutoka ndani ya yule mzee aliyefifia akatoka mwingine, mwekundu kabisa, amelowa, amechoka, mkubwa kuliko wa kwanza. Ile ngozi ilibaki imelala kando na miguu yake yote, hata kucha. Nekesa aliiweka kwenye kiganja changu na haikuwa na uzito wowote.

"Kwa hiyo sasa ni mpya?" nikauliza.

"Mpya kabisa."

Nawauliza wenzangu wa umri wangu: mtoto afanye nini na jambo kama hilo?

Mvua zilipokatika, Nekesa aliacha kula. Anti alipika wali, alipika kuku, alikoroga uji wa wimbi na maziwa, na vyote vilirudi jikoni. Weupe wa macho yake ukawa njano na ngozi yake ikafifia, ikawa na ule wepesi wa nguo iliyofuliwa. Na yeye ambaye miaka yote alilala ubavu kwa sababu ya maumivu, alilala chali. Anti alikuwa akitoka chumbani na kulia nyuma ya nyumba. Khocha aliacha kwenda kwenye kinu. Mimi nilikuwa na furaha ambayo sikuthubutu kuionyesha, kwa kuwa nilikuwa mtu pekee katika nyumba ile aliyejua kinachoendelea.

Nilisimama mlangoni kama bawabu. Mama Rebeka alipokuja na wenzake nilimwambia wasimguse, waombee sebuleni. Alinishika kichwa. "Sawa, baba," akasema. Wakaombea sebuleni.

Asubuhi iliyofuata khocha alikuja na jirani mwenye pikapu. Walikuwa wamekunja blanketi la kumbebea. Nilijibandika mlangoni.

"Toka hapo, kijana."

"Msimwinue, khocha! Anajivua!"

"Anafanya nini?" Alikuwa akiongea kwa kelele zake za kawaida.

"Anajivua! Kesho atakuwa mpya. Mkimwinua sasa miguu yake itapinda!"

Sijui kama khocha alisikia maneno yote. Nekesa ndiye aliyesikia, kwa maana aligeuza macho upande wangu, na ninaamini alitaka kucheka, au labda kunisahihisha kama alivyonisahihisha kwenye vitabu. Midomo ilisogea. Kisha khocha akaniinua kwa kwapa, akaniweka kando kama kiti, wakaingia na kumbeba. Alilia walipomwinua. Nililia kumzidi, nikikimbia nyuma ya pikapu mpaka barabara kubwa.

Alifariki hospitalini kabla ya jioni. Kwa miaka mingi, miaka ya aibu kuitaja, hata nikiwa sekondari na nikiwa nimeshafundishwa habari za chembe za damu zilizopinda na mishipa inayoziba, kulikuwa na mahali ndani yangu ambapo niliendelea kujua kwamba alikufa kwa sababu walimwinua.

Anazikwa mtu kwao. Hakuna aliyefikiria kumzika Kitale, kwenye nyumba za kupanga. Nyumbani kwao ni upande wa Chwele, na lori lilikodiwa kubeba jeneza, mabenchi na watu. Asubuhi ya kuondoka niliwapa buibui wote maji. Yule mwekundu nilimwekea panzi wawili, kwa kuwa nilikuwa sijui kama tutalala huko. Nilimuuliza anti ni nani atakayewaangalia. Alikuwa ananifunga vifungo vya shati, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia.

"Maji si umewapa?"

"Nimewapa."

"Basi."

Mazishi siyakumbuki vizuri. Nakumbuka udongo wa Chwele ni mwekundu na unashika viatu. Nakumbuka mama yangu alikuwepo, amekuja kutoka Sirisia, na alinishika bega akaniambia nimenenepa. Mambo yalipokwisha, vijana walianza kupakia mabenchi, nami nikapanda lori mapema ili nipate nafasi ya mbele, pale ambapo upepo haukuchapi sana. Kaka mmoja wa ukoo aliyekuwa anapanga viti akaniona.

"We kijana, shuka. Gari linarudi Kitale."

"Najua. Narudi Kitale."

"Kitale kufanya nini?"

"Niko na buibui."

Watu walicheka, kile kicheko cha watu waliolia kutwa nzima. Anti akaja. Alisimama chini, ameshika ubao wa lori, macho yamevimba, leso imelegea kichwani.

"Shuka, mwanangu. Mama yako yuko pale."

"Niwape maji kwanza, halafu nitarudi."

"Sasa utakaa na nani kule?"

Swali hilo halikuwa la ukali. Aliniuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, kama mtu ambaye angefurahi kama ningekuwa na jibu. Nilifikiri. Nilimtazama khocha aliyekuwa ameketi karibu na dereva, amevaa koti, msafi, bila unga hata kidogo, sikumtambua vizuri.

"Na nyinyi," nikasema.

Anti aliinua mikono yote miwili, nikashuka, kwa kuwa nilikuwa mtoto asiyesumbua.

Mama alikuwa amesimama kando ya njia na begi ambalo sikulijua. Lori lilipoondoka alilifungua ili atoe kitu cha kunifunika, kulikuwa kunaanza kuwa na baridi. Ndani kulikuwa na nguo zangu zote, vitabu vyangu, hata viatu vya shule. Vyote vilikuwa vimekunjwa na kupangwa kwa mkono wa anti. Juu kabisa kulikuwa na sweta yangu ya kijani, ambayo asubuhi ile, wakati ninazunguka na kopo la maji, nilikuwa nimeiona Matisi ikining'inia kwenye kamba. Mama alinivisha. Ilikuwa bado mbichi.